Shavu la Kushoto

Kwa wiki saba Bibi Poda alifika kazini kabla mlinzi hajamaliza chai yake ya asubuhi, na kwa wiki zote saba alidanganya kuhusu sababu. Mlinzi aliambiwa ni kukimbia foleni. Mfagiaji aliambiwa kwamba watu wazima hawana usingizi. Mwongozaji wa tamthilia, mwanamume wa miaka arobaini ambaye Bibi Poda alimwona mtoto tu, aliambiwa kwamba sura ya Jaji siku hizi inataka muda zaidi, na hilo angalau lilikuwa na ukweli ndani yake. Nyuma ya bibi huyo alitembea Jaji mwenyewe, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi na skafu imepanda hadi puani. Hakuna aliyeona uso wake mpaka mlango wa chumba cha mapambo ulipofungwa kwa ufunguo.

Jaji alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, kitindamimba wa mama yao, mwenye miaka sitini na mitatu na majivuno ya mtu wa thelathini. Mahakamani hakuwahi kukanyaga ila mara moja, tena kama mshtakiwa, kwa kosa la kuwapigia majirani kelele. Lakini kwa miaka kumi na tisa alikuwa jaji katika tamthilia ya kila wiki, na watu walimwamini kiasi kwamba sokoni walimwita mheshimiwa. Siku moja majirani wawili waliokuwa wakigombania ukuta walikuja kubisha hodi ili awaamue. Naye, kwa jinsi asivyo na haya, aliwakaribisha sebuleni, akawasikiliza kwa saa nzima, na akatoa hukumu.

Tangu mume wa Bibi Poda afariki, ndugu hao wawili waliishi nyumba moja na kugombania redio. Ndiyo maana yeye ndiye aliyekuwepo asubuhi ile ya likizo, Jaji alipoinua glasi ya maji akanywa, na maji yote yakamwagikia kifuani. Daktari alisema ni kiharusi chepesi na kwamba wamshukuru Mungu. Wakamshukuru. Mkono ulirudi baada ya siku tatu, mguu baada ya wiki mbili, ila shavu la kushoto halikurudi. Lilibaki limelegea, jicho limeshuka kidogo, pembe ya mdomo imeinama, na maneno yalitoka yakiwa na uzito fulani, kama ya mtu aliyetoka kwa daktari wa meno. Kwa hiyo wakasema ametoka kwa daktari wa meno. Kazini habari zikaenea kwamba Jaji amewekewa meno mapya na bado hajayazoea.

Mtu atauliza, kwa nini wasiseme ukweli tu? Ugonjwa si wizi. Jibu lilikuwa na jina, au tuseme jina la kuigiza, maana lilitoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akiigiza kama jirani wa Jaji katika tamthilia hiyo. Mwaka uliotangulia mzee huyo alianguka bafuni akavunjika nyonga. Ofisi ya tamthilia haikumngojea. Watu wa kompyuta walichukua picha zake za miaka yote, wakatengeneza uso wake wakaubandika juu ya mwili wa mtu mwingine, na kwa sehemu nne jirani alikaa barazani anaongea na kucheka huku mwenyewe yuko nyumbani, mguu juu ya mto, anajitazama. Usiku wa sehemu ya kwanza alimpigia Jaji simu. "Nimejiangalia," alisema. "Nimeigiza vizuri sana." Kisha akalia kwenye simu mpaka salio likaisha.

Jaji aliweka simu mezani. "Dada," alisema, "mimi wakinifanyia hivyo, bora mnizike." Sasa tamthilia ilikuwa inafika mwisho, zimebaki sehemu chache tu, na Jaji alikuwa na ombi moja katika dunia hii: aimalize kazi yake kwa uso wake. Ofisi ikijua shavu limelala, kompyuta ingemmalizia, naye angekaa sebuleni ajitazame. Basi dada mtu alipiga moyo konde akaingia kazini.

Njia aliyoitumia ni ya zamani, kuliko hata yeye mwenyewe, na yeye amekula chumvi si haba. Unakata vipande vidogo vya kitambaa chepesi kama ngozi ya kitunguu. Unavibandika kwa gundi karibu na sikio, juu ya nyusi na chini ya taya. Kila kipande kina uzi, na nyuzi zote zinapita nyuma ya kichwa, zinavutwa, zinafungwa fundo, halafu wigi linavishwa juu yake. Waigizaji wa kike wa enzi hizo walipunguziwa miaka kumi kwa namna hiyo, wakalala na maumivu ya kichwa. Jaji, aliyekuwa na kipara kinachong'aa na aliyevaa wigi la mvi hata mbele ya wenzake kwa miaka yote kumi na tisa, alikuwa na mahali pazuri pa kuficha fundo. Ikabaki kazi ya rangi: kivuli kidogo upande wa kulia, mwanga kidogo upande wa kushoto, mpaka nyuso mbili zifanane na kuwa moja.

"Vuta zaidi," Jaji alikuwa akisema kila asubuhi.

"Nikivuta zaidi utakonyeza watu bila kupenda."

"Si nitapendwa?"

"Na nani, kwa sura hiyo? Kaa kimya, mdogo wangu, gundi haijakauka."

Bibi Poda alianza kazi hii akiwa na miaka ishirini, wakati televisheni haikuwa na rangi. Wanaoingia kazini leo hudhani enzi hizo mambo yalikuwa rahisi. Hayakuwa rahisi hata chembe. Mdomo mwekundu ulionekana mweusi kama umekula mkaa, kwa hiyo uliupaka rangi ya kahawia ndipo watu nyumbani waudhani mwekundu. Damu ilikuwa sharubati nzito ya kakao, na nzi waliipenda kuliko watazamaji. Taa zilikuwa na joto la tanuri, poda inayeyuka, ndevu zinabanduka katikati ya hotuba. Kisha rangi ikaja, na kila walichokijua kikawa si kitu: msomaji wa habari aliyepakwa kwa mtindo wa zamani alitokea na uso wa njano kama wa aliyeugua homa ya manjano, na watu wakapiga simu kumpa pole. Bibi Poda akajifunza upya. Akajifunza kutengeneza kovu kwa gundi na karatasi laini, jeraha la moto kwa mpira wa maji, ule unaopakwa ukakauka kama ngozi, mimba kwa mto na uzee kwa subira. Kisha zikaja kamera za siku hizi ambazo zinaona hadi kitundu cha ngozi, ikabidi ajifunze kupaka kana kwamba hajapaka. Na mwisho wakaja watu wa kompyuta, ambao hawapaki kabisa.

Kwa hiyo usimlaumu kama alijivuna kidogo. Siku kumi za kupiga picha zilipita, kamera inamtazama Jaji usoni, na hakuna aliyegundua. Usiku hakupata usingizi wa maana, hilo ni kweli, lakini mchana alitembea kifua mbele.

Siku ya kumi na moja, alipokuwa akibandua kipande cha karibu na sikio, aliona tone jekundu likiteremka shingoni mwa mdogo wake. Akageuka haraka kutazama rafu ili aone ni chupa ipi ya damu ya kuigizia imemwagika. Chupa zote zilikuwa zimefungwa. Alirudisha macho shingoni, na hapo akili ikamrudia. Ngozi ilikuwa imechanika. Chini ya gundi palikuwa na kidonda, na hakikuwa cha siku moja.

"Ulijua?" aliuliza.

"Upande huo sisikii sana," Jaji alisema.

"Sikuuliza unasikia nini. Nimeuliza ulijua?"

Jaji akatazama kioo. "Imebaki sehemu moja tu, dada. Usianze."

Bibi Poda alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Alijionea haya. Miaka arobaini na minane alikuwa ametengeneza damu ya watu wasioumia, na ya ndugu yake mwenyewe aliidhani kazi.

Alikuwa bado ana kitambaa mkononi mlango ulipogongwa ukafunguka; siku hiyo alikuwa amesahau ufunguo. Alikuwa binti wa kompyuta, yule mpole mwenye miwani mikubwa ambaye kazi yake ilikuwa kurekebisha picha baada ya kupigwa: kufuta waya, kuongeza mvua, kumwongezea mtu umri. Alikuwa amekumbatia kompyuta yake kifuani. Jaji alipandisha skafu, lakini alichelewa.

"Samahani, shikamoo Bibi. Shikamoo Mzee," alisema. Akafunga mlango nyuma yake bila kuambiwa. "Sijamwambia mtu. Naomba mtazame kwanza."

Aliweka kompyuta kati ya sponji na chupa, akaifungua. Alikuwa ameutandazia uso wa Jaji pichani vidoti vidogo, mia kadhaa, kama anavyofanya kwa kila mwigizaji, ili mashine ijue uso unavyokwenda. Vidoti vya kulia vilicheza kama mchwa. Vya kushoto vilikuwa vimetulia. Siku kumi na moja, na vya kushoto vimetulia.

"Nilidhani mashine yangu imeharibika," binti alisema. "Nikaizima na kuiwasha mara tatu. Halafu nikakumbuka baba mkubwa wangu. Naye ilimtokea hivi."

Bibi Poda aliketi. Maji yalikuwa yamefika shingoni, na aliyeyafikisha alikuwa mtoto wa watu anayetaka kulia. "Mwanangu," alisema, "utasema?"

"Sisemi. Nimekuja kusaidia." Akabonyeza mahali. "Naweza kuchukua upande wa kulia nikauhamishia kushoto. Tazameni."

Kwenye kioo cha kompyuta Jaji aligeuka, akatabasamu. Akatabasamu kwa mashavu yote mawili, kama alivyokuwa akitabasamu mwaka jana na miaka yote kabla yake. Bibi Poda alisikia moyo wake ukiruka kwa furaha. Hakuna nyuzi, hakuna gundi, hakuna kidonda. Hakuna atakayejua, na ofisi itaona ni Jaji wake wa siku zote. Alitaka kumbusu yule binti.

Jaji aliomba aonyeshwe tena. Akaonyeshwa tena. Mara ya tatu hakuangalia kioo cha kompyuta, aliangalia kile cha ukutani, alikokuwa yeye.

"Binti yangu, Mungu akubariki," alisema. "Lakini hapana."

"Hapana nini?" dada yake akadakia.

"Keshokutwa nampigia magoti mtu niliyemfunga kimakosa. Ndiyo sehemu ya mwisho. Dakika tatu, kamera usoni, sina hata pa kugeukia." Alionyesha kompyuta kwa kidole. "Hapo nusu yangu itakuwa inaigiza, na nusu itakuwa inaigiziwa. Tofauti yangu na jirani itakuwa nini? Yeye walimchukua mzima, mimi watanichukua nusu."

"Basi nitavuta nyuzi. Kidonda tutakizunguka."

"Nyuzi zinashika, haziombi radhi."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Keshokutwa usinipake kitu."

Binti wa kompyuta alifunga mashine yake taratibu, akaaga, akatoka, maana aliona kwamba ugomvi huu una wenyewe. Na kweli ulikuwa na wenyewe. Bibi Poda alisema yote yaliyokuwa moyoni. Alisema ana kiburi, alisema amekuwa na kiburi tangu ananyonya, alisema wiki saba ameingia kazini kama mwizi kwa ajili yake na sasa anataka kumwaga kila kitu asubuhi moja. Watamwona wakiwasha taa tu. Watamwita pembeni, watampa pole na chupa ya maji, na saa sita mchana atakuwa sebuleni.

"Labda," Jaji alisema.

"Labda? Huogopi?"

"Naogopa sana," alisema. "Nimeogopa tangu siku ya maji. Ila nimechoka kuogopa huku nimefungwa fundo kisogoni."

Walirudi nyumbani, na jioni hiyo hakuna aliyegombania redio.

Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Mwongozaji alikuwa ametoa maagizo yake mapema wiki hiyo: hadithi inaruka miaka kumi mbele, Jaji amestaafu na dhamiri imemla, kwa hiyo Bibi Poda amzeeshe. "Miaka kumi," alikuwa amesema, "na iwe kumi ya mateso." Bibi Poda alikuwa ameitikia kwa kichwa, akaandaa mpira wake wa maji na makunyanzi yake. Alhamisi asubuhi vyote vilikaa mezani, na hakuvigusa. Alimwosha mdogo wake uso. Alimkausha. Akampiga poda kidogo kipajini na kiparani ili taa zisimeremete, na wigi akaliacha kwenye kichwa chake cha mbao.

Jaji alijitazama. "Mbaya, eh?"

"Hukuwahi kuwa mzuri," dada yake alisema, akamfunga vifungo vya shati.

Seti ilikuwa jiko la nyumba ya kimaskini, lililojengwa kwa mbao nyepesi katikati ya ukumbi mkubwa. Mezani alikaa mwigizaji wa yule mfungwa, mikono juu ya meza. Jaji alipoingia kwenye mwanga, fundi sauti aliinua kichwa, kisha mpiga picha, kisha mmoja baada ya mwingine watu wote wakanyamaza. Bibi Poda alisimama nyuma yake na mkanda wa brashi kiunoni. Alijiandaa kwa pole na chupa ya maji.

Mwongozaji aliondoka kitini. Alimsogelea Jaji, akamzunguka taratibu kama mtu anayetaka kununua kabati, akainama kutazama jicho lililoshuka na mdomo ulioinama. Mwisho akamgeukia Bibi Poda.

"Bibi Poda," alisema kwa sauti ya chini. "Hii umeifanyaje?"

Hakungoja ajibiwe.

"Hilo shavu! Hilo jicho! Na hicho kipara, sijawahi kuona kipara cha mpira kisicho na mshono. Nilikwambia umzeeshe, sikukwambia unitoe roho." Akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja. "Ila sikiliza. Hapa mdomoni imezidi kidogo. Watu hawataamini. Punguza kidogo tu."

Jaji alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Nusu ya mdomo wake ilianza kupanda, na dada yake akaona kwamba mpumbavu huyu atacheka na kuharibu kila kitu. Hakufikiri. Alichomoa kwenye mkanda brashi iliyooshwa jana, kavu, isiyo na hata chembe ya poda, akaipitisha juu ya pembe ya mdomo mara mbili, na mara moja zaidi kwa heshima. Akajitia kutathmini.

"Sasa?"

"Hapo sasa!" Mwongozaji alipiga makofi. "Umeona? Kitu kidogo tu, lakini kimebadilisha kila kitu. Haya, mahali penu!"

"Una dhambi wewe," Jaji alimnong'oneza.

"Kapige magoti huko," dada yake alimjibu.

Akapiga. Alishuka polepole, mkono mmoja ukingoni mwa meza, na kamera ikamsogelea mpaka ikawa na uso peke yake. "Nilikosea," alisema. Neno lilitoka zito, lina ukungu. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa bado ni wa mheshimiwa, unajaribu kushika adabu yake, unakaza taya. Upande wa kushoto haukuweza kushika kitu chochote. Alisema yale aliyoandikiwa, kwamba alikuwa na ushahidi mkononi na hakuusoma, kwamba alikuwa na haraka siku ile, na chozi likatoka jicho la kushoto kabla ya wakati wake kwa kuwa jicho lile halikuwa na breki. Mate yakavuta uzi kwenye pembe ya mdomo. Hakuyafuta. Yule mfungwa, ambaye alipaswa kumpa mgongo, alisahau maneno yake, akanyoosha mkono akayafuta yeye.

Kazi ya Bibi Poda wakati kamera inakwenda ilikuwa kutafuta kosa: mng'aro wa jasho, ukingo uliobanduka, rangi iliyopitiliza. Alhamisi hiyo hakutafuta kitu. Alimtazama mdogo wake, na akamwona kwa mara ya kwanza tangu siku ya maji, maana wiki zote saba alikuwa ameangalia shavu tu. Alimpenda sana wakati huo, na akaona uchungu kwamba alikuwa amemficha.

"Kata," mwongozaji alisema, na sauti yake haikuwa imara. Hawakurudia. Watu walipiga makofi, wengine wanafuta macho, na mwongozaji akavuka seti kwa hatua ndefu. Alimpita Jaji aliyekuwa bado amepiga magoti akitafuta pa kujishikilia, akaenda kumshika Bibi Poda mikono yote miwili.

"Tuzo ni yako," alimwambia. "Nasema mbele ya watu wote. Lile shavu halijawahi kufanywa na mtu."

Waliomzunguka walimpongeza. Mshonaji alimkumbatia, fundi sauti alimpigia saluti, na Bibi Poda aliitikia asante, asante, huku anaona aibu inampanda kutoka miguuni. Alikuwa amevishwa kilemba kwa ajili ya ugonjwa wa ndugu yake. Juu ya mabega ya watu alimwona Jaji akinyanyuka mwenyewe kwa kushika kiti, na mtu mmoja tu ndiye aliyemwendea kumpa mkono, yule binti wa kompyuta.

Katika chumba cha mapambo alifunga mlango kwa ufunguo kama kawaida. Jaji alikaa kitini, amechoka, miguu ameinyoosha.

"Limenifunika," alisema. "Shavu langu mwenyewe, na sifa umezichukua wewe."

"Samahani, mdogo wangu."

"Nakutania."

"Najua. Samahani hata hivyo."

Mlango ukagongwa, na nje zikasikika sauti nyingi. "Bibi Poda!" aliita fundi sauti. "Tunaomba tuone unavyoitoa! Tumewekeana dau hapa, mimi nasema ni mpira, mshonaji anasema ni nta!"

"Siri ya kazi!" Bibi Poda alijibu. "Nendeni mkale!"

"Mwongozaji naye yuko hapa! Naye anataka kuona!"

Bibi Poda alimtazama mdogo wake. Kulikuwa na mlango wa nyuma. Kulikuwa na kofia na skafu, zimetundikwa msumarini.

"Fungua, dada," Jaji alisema.

"Watajua."

"Picha imeshapigwa. Hawawezi kuirudisha. Fungua."

Akafungua. Waliingia saba, wakajibana kati ya rafu na kioo kwa vicheko vya watoto waliopelekwa sarakasi, na binti wa kompyuta akabaki mlangoni anatazama sakafu. Bibi Poda alichovya kitambaa cheupe katika maji ya uvuguvugu, akakikamua. Alianza na kipara. Poda ikatoka, kidogo, doa la kahawia tu kwenye kitambaa, na kipara kikabaki kipara. Mtu mmoja alicheka. Akafuta kipaji. Kisha akakunja kitambaa upande safi, akakiweka juu ya shavu la kushoto, akakivuta chini taratibu kutoka jichoni hadi kidevuni.

Mwongozaji aliinama karibu ili aone ukingo wa mpira utakapoachia. Hakukuwa na ukingo. Bibi Poda alifuta tena. Kitambaa kilirudi kikiwa cheupe, na shavu lilikuwa pale pale. Fundi sauti alikuwa bado anatabasamu, kisha akawa hatabasamu. Bibi Poda alifuta mara ya tatu, ingawa hapakuwa na cha kufuta, na mkono wake ukabaki pale, umelishika shavu, kwa sababu hakujua tena aupeleke wapi.

"Imetoka yote," alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hakuyajali. "Hakuna kingine."

Mwongozaji alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya sanduku la wigi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu likizo," Jaji alisema.

"Na yale meno mapya?"

"Meno yangu ni yale yale."

Mwongozaji aliinamisha kichwa, akajishika uso kwa viganja vyote viwili. "Na mimi mbele ya watu nikasema imezidi," alisema. "Nikasema watu hawataamini."

"Usijali," Jaji alimwambia kwa upole, na kwa mdomo ule ulioinama. "Hata mimi, siku ya kwanza, niliona imezidi."